Mkopo "Rahisi" kwa Nani? Lugha Wazi katika Matangazo ya Kampuni Chipukizi za Fedha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza Kiswahili kinachotumiwa na kampuni chipukizi za mikopo ya simu, pamoja na benki na kampuni za simu zilizozitangulia, katika kuwavuta wateja nchini Kenya, Tanzania na nchi jirani. Data yake ni majina ya huduma, misemo iliyozoeleka katika matangazo, na sheria zilizokwisha kuchapishwa. Makala yanadai kwamba lugha hiyo huwa wazi pale inapomwita mteja, kisha hujifunga pale mteja anapotaka kujua bei, muda na matokeo ya kuchelewa kulipa. Uchambuzi unaongozwa na kanuni za ushirikiano katika mazungumzo za Grice (1975), hasa kanuni ya idadi na kanuni ya namna.

Maneno muhimu: lugha wazi, matangazo, mikopo ya simu, riba, kampuni chipukizi

1.0 Utangulizi

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007. Majaribio yake, yaliyoanza mwaka 2005 kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalikusudiwa kuwasaidia wakopaji kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Waliojaribiwa wakaifanyia huduma hiyo jambo jingine: wakatumiana pesa. Ilipofika siku ya kuuza, suala la mikopo lilikuwa limewekwa kando na tangazo likabeba ahadi moja tu, kwamba mtu angeweza kutuma pesa nyumbani. Mfanyakazi wa Nairobi aliyewahi kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya kupeleka kwa mama hakuhitaji maelezo zaidi. Jina lenyewe lilikuwa herufi moja na neno "pesa", ambalo kila mwenye kuzungumza Kiswahili alikuwa nalo tangu utotoni.

Mafanikio hayo yaliwafunza waliofuata kwamba neno la Kiswahili la kila siku lina nguvu sokoni. M-KOPA, iliyoanza kuuza umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo mwaka 2012, ilichukua kitenzi "kopa". M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyozinduliwa na Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa mnamo Novemba 2012, ilichukua neno la mabaharia la utulivu wa bahari. Kampuni inayojulikana leo kwa jina la Tala iliingia Kenya mwaka 2014 ikiitwa Mkopo Rahisi. Tanzania nayo ikapata Timiza, Nivushe na Songesha. Kwa mtazamo wa kwanza, huu ni ushindi wa Kiswahili, na katika makongamano ya aina hii mara nyingi umesherehekewa hivyo. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni kama mteja aliyeitwa kwa Kiswahili chepesi anaendelea kuhudumiwa kwa Kiswahili chepesi anapofika penye fedha.

2.0 Lugha wazi ni ipi?

Harakati za kudai lugha inayoeleweka zina historia ndefu nje ya eneo hili. Nchini Uingereza, Chrissie Maher alianzisha kampeni ya Kiingereza kinachoeleweka mwaka 1979. Marekani ilitunga sheria ya uandishi wazi serikalini mwaka 2010. Barani Afrika mfano ulio karibu zaidi ni wa Afrika Kusini, ambako Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, kifungu cha 22, inataka taarifa kwa wateja ziandikwe kwa lugha inayoeleweka. Kipimo chake ni msomaji: je, mtu wa kawaida wa kundi linalolengwa, mwenye uwezo wa wastani wa kusoma na uzoefu mdogo wa bidhaa hiyo, anaweza kuielewa taarifa bila taabu isiyostahili? Kiwango cha kimataifa ISO 24495-1 cha mwaka 2023 kinafuata njia hiyohiyo. Kinamtaka mwandishi ahakikishe kwamba msomaji anapata anachokihitaji, anakielewa, na anaweza kukitumia.

Istilahi ya Kiswahili ya dhana hii haijatulia. Wapo wanaosema "lugha nyepesi", lakini wepesi katika Kiswahili hukaribia kukosa uzito. Wengine husema "lugha rahisi", na neno hilo, kama itakavyoonekana, lina matatizo yake. Makala haya yanatumia "lugha wazi", kwa sababu kilicho wazi kinaruhusu mtu aone kilichomo ndani kabla hajaingia.

Lipo pingamizi la kiutamaduni ambalo halipaswi kupuuzwa. Waswahili ni watu wa mafumbo. Kanga husema kwa mafumbo, mashairi hujibizana kwa mafumbo, na methali yenyewe inakiri kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Je, kumtaka mtangazaji aseme wazi si kumnyang'anya urithi wake? Hapana. Fumbo la kanga hufanya kazi kwa sababu mvaaji na jirani yake wanaujua mgogoro unaosemwa. Kati ya mkopeshaji na mkopaji wa simu hakuna ujirani wa namna hiyo: mmoja ameandika masharti na mwingine anayaona kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha inchi chache. Aidha, kuhusu deni hasa, hekima ya Kiswahili haikufumba sana. "Kukopa harusi, kulipa matanga" inataja pande zote mbili za muamala katika sentensi moja. Matangazo mengi yamebaki na harusi.

3.0 Vitenzi vinavyomficha mdai

Majina ya huduma hizi yana umbo linalostahili kuangaliwa kisarufi. "Timiza" ni kitenzi cha kutendesha kutoka "timia". "Songesha" kinatokana na "songa". Katika vyote viwili mteja ndiye mtenda: anatimiza lengo, anasongesha maisha. "Nivushe" kinageuza majukumu. Kina kiambishi cha mtendwa "ni-", mzizi wa "vusha" uliotokana na "vuka", na kiishio "-e" cha ombi. Hapa mteja amesimama ukingoni mwa mto akimwomba mwenye mtumbwi. "Okoa Jahazi", huduma ya Safaricom ya kukopeshwa muda wa maongezi, inachora chombo kinachozama na mkono unaokiokoa. Kwa muda mrefu huduma hiyo ilikata asilimia 10: aliyeomba muda wa shilingi 100 alipokea wa shilingi 90 na kudaiwa 100. Neno "okoa" halina nafasi ya kusema hivyo, na pengine ndiyo sababu lilichaguliwa.

Katika majina yote hayo hakuna mdai. Yupo mteja anayetenda au anayetendewa wema. Anayekopesha, anayehesabu siku na anayedai hana kiambishi popote. Hata "Fuliza", huduma ya Kenya iliyozinduliwa Januari 2019 ili kumwezesha mtu kukamilisha malipo wakati salio halitoshi, imetumia kitenzi chenye maana ya kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Kinachoendelea bila kukoma ni matumizi, ndivyo jina linavyopendekeza, ingawa deni nalo huendelea, kwa gharama inayohesabiwa kila siku. Inafurahisha kuona jinsi wazungumzaji walivyolirekebisha jina hilo wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, "kufuliza" kumekuwa namna ya kusema kwamba mtu anaishi kwa deni, na mara nyingi husemwa kwa mzaha wenye uchungu. Umma umeirudisha maana ambayo jina lilikuwa limeiacha nje.

"Kopa" la M-KOPA linasimama peke yake kwa kutaja jambo kwa jina lake. Uuzaji wa kampuni hiyo katika miaka yake ya mwanzo ulikuwa na uwazi mwingine pia: bei ilitajwa kwa siku, shilingi 50, kiasi ambacho familia ingeweza kukilinganisha moja kwa moja na pesa ya mafuta ya taa. Na mteja alijua kwamba asipolipa, taa haitawaka. Hata hivyo uwazi huu una mipaka. Shilingi 50 kwa siku kwa mwaka mzima ni shilingi 18,250, bila kuhesabu malipo ya awali, na anayefikiri kwa siku hakumbushwi kufikiri kwa mwaka. Kwa mama anayepata kipato kwa siku, bei ya siku ndiyo lugha wazi. Kwa mama huyohuyo anapotaka kujua kama ni afadhali aweke akiba anunue taa taslimu, bei ya siku haimsaidii. Tangazo linalomheshimu lingetaja zote mbili.

4.0 "Rahisi", "hadi" na "kuanzia"

Neno "rahisi" lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kitu cha bei ndogo, na maana hiyo ingalipo: "nguo rahisi" sokoni ni nguo isiyo ghali. Maana ya pili, ya jambo lisilo gumu, ndiyo iliyotawala leo katika "mtihani rahisi" au "njia rahisi". Sasa, "mkopo rahisi" ni upi? Mtangazaji anaweza kujitetea kwamba alimaanisha mkopo usio na taabu kuupata, na kwa kweli mkopo wa simu haudai fomu, mdhamini wala safari ya benki. Msikilizaji, hasa mwenye umri mkubwa au anayetoka mwambao, ana haki kamili ya lugha kusikia mkopo wa bei ndogo. Mikopo hii kwa kawaida ni rahisi kwa maana ya kwanza iliyotajwa na mtangazaji na ghali kwa maana ya msikilizaji. Neno moja linalobeba maana mbili zinazokinzana kuhusu bidhaa ileile halifai kutangulizwa katika tangazo la fedha. "Mkopo wa haraka" lingesema ukweli.

"Nafuu" ni jamaa yake. Huu ni unafuu wa kulinganisha, lakini kinacholinganishwa hakitajwi: nafuu kuliko benki, kuliko mkopeshaji wa mtaani, au kuliko kulala njaa?

Viunganishi viwili vidogo hufanya kazi kubwa zaidi. Mikopo hutangazwa kwa "hadi": kopa hadi shilingi 50,000. Gharama hutangazwa kwa "kuanzia": kuanzia asilimia fulani. Kwa kanuni ya idadi ya Grice, msikilizaji hudhani kwamba msemaji ametoa taarifa inayotosha kwa haja ya mazungumzo. Hivyo namba iliyotajwa huchukuliwa kuwa namba inayomhusu yeye. Tangazo linatumia dhana hiyo ya ushirikiano dhidi ya anayeshirikiana. Limetaja dari ya kinachotolewa na sakafu ya kinachodaiwa, na mteja mpya kwa kawaida hukutana na kinyume chake, kiasi kidogo cha mkopo na kiwango kikubwa cha gharama. Hakuna neno la uongo katika sentensi nzima, na hilo ndilo linaloifanya iwe ngumu kwa mdhibiti kuikamata.

5.0 Riba au ada?

Hapa suala linatoka katika mtindo na kuingia katika sheria, na hata katika dini. Kwa mkopo wa siku 30, M-Shwari ilitoza asilimia 7.5. Aliyechukua shilingi 1,000 alirudisha 1,075. Malipo hayo yaliitwa ada ya uwezeshaji. Mwaka 2016 Bunge la Kenya lilirekebisha Sheria ya Benki na kuweka kikomo cha riba, pointi nne za asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mtu akichukua mkopo wa asilimia 7.5 kila mwezi kwa miezi 12, atakuwa amelipa asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikopa, mbali kabisa na kikomo hicho. Lakini kikomo kilihusu riba, na hii ilikuwa ada. Tozo iliendelea hadi kikomo chenyewe kilipofutwa mwezi Novemba 2019. Ni nadra uchaguzi kati ya nomino mbili kuwa na thamani kubwa kiasi hicho.

Tofauti ya maneno haya kwa mzungumzaji wa Kiswahili si ndogo. "Ada" ni neno la desturi: ada ya shule, ada ya uanachama, malipo yanayotolewa kwa sababu ndivyo ilivyo kawaida. Halichochei maswali. "Riba" linachochea maswali papo hapo, na kwa Mwislamu wa Lamu, Mombasa au Unguja lina jibu la awali, kwa kuwa riba imeharamishwa katika Qurani. Mteja huyo anapoambiwa "ada", ananyimwa taarifa ambayo kwake si ya bei tu. Huenda wanazuoni wangetofautiana kuhusu hukumu ya tozo fulani, na hiyo ni haki yao. Lakini mjadala huo hauwezi hata kuanza ikiwa neno limebadilishwa mlangoni.

6.0 "Vigezo na masharti kuzingatiwa"

Hakuna sentensi ya matangazo inayojulikana zaidi Tanzania kuliko hii, na kwa hakika haijakamilika kuwa sentensi. "Kuzingatiwa" ni kitenzi-jina cha kutendwa. Hakina nafsi, hakina wakati, hakina hali. Ni nani atakayezingatia: mteja, kampuni, au wote wawili? Vigezo gani, na masharti yako wapi? Redioni maneno haya husomwa kwa kasi ambayo msomaji wa habari asingeithubutu, na kwenye mabango hukaa chini kabisa kwa herufi ndogo. Wasikilizaji wamezizoea silabi zake kiasi kwamba watu huzitamka katika utani, rafiki anapoahidi kununua chai. Msemo uliokuwa onyo umekuwa mlio wa kufungia tangazo.

Hata hivyo, ndani ya "masharti" hayo ndimo yalimokuwa mambo mazito. Kuna programu za mikopo zilizochukua orodha ya namba katika simu ya mkopaji na kuwapigia ndugu, mwajiri na majirani alipochelewa kulipa. Kuna waliopelekwa katika ofisi za taarifa za mikopo, zile ambazo Wakenya huziita CRB, kwa deni dogo kuliko bei ya gunia la mkaa. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliwazuia wakopeshaji wa kidijitali wasio chini ya usimamizi wake kupeleka majina huko, na ikasitisha uorodheshaji wa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000. Kanuni za Machi 2022 zikapiga marufuku kuwaaibisha wadaiwa kupitia namba za simu zao na zikadai gharama zielezwe. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilikuwa imeagiza gharama za huduma za fedha kwa simu zionyeshwe kabla mteja hajakamilisha muamala. Agizo la mwisho lina busara ya kiisimu kwa sababu linahusu mahali pa taarifa: bei inayoonekana baada ya kubonyeza "kubali" ni risiti.

7.0 Kuvuka mpaka

Kampuni ikikua, matangazo yake husafiri. Mwaka 2021 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza Kiswahili katika lugha zake rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kukifanya kuwa lugha rasmi. Ni kishawishi kikubwa kwa mwandishi wa Nairobi kudhani kwamba nakala moja inatosha kuanzia Mombasa hadi Goma.

Chukua neno "shilingi". Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina yake, na shilingi moja ya Kenya imekuwa ikinunua zaidi ya shilingi 20 za Uganda. "Kopa hadi shilingi 10,000" katika redio inayosikika pande zote mbili za Busia ni ahadi mbili tofauti. Mashariki mwa Kongo fedha ni "feza", "falanga" au "makuta", na bei nyingi hutajwa kwa dola. Bujumbura na Kigali ni "faranga". Msamiati wa vijana hausafiri vizuri zaidi. "Mkwanja" wa Dar es Salaam na "ganji" ya Nairobi ni pesa ileile, lakini kila moja inamtambulisha mzungumzaji wake na kumwacha nje asiye wa huko, na Sheng hubadilika kabla bango halijafifia.

Nchini Uganda kuna jambo jingine. Kwa vizazi kadhaa Kiswahili kilisikika huko kama lugha ya jeshi na polisi. Kitenzi cha amri kisicho na kiambishi cha adabu, "Lipa leo!", kinaweza kubeba mwangwi wa kambini ambao mwandishi wa Dar es Salaam hakuukusudia. Airtel iliita huduma yake ya mikopo Uganda "Wewole", neno la Kiluganda lenye maana ya kujikopea. Kwa mteja wa Kampala hilo ni wazi zaidi kuliko Kiswahili sanifu chochote, na mtetezi wa Kiswahili hana sababu ya kulionea wivu.

8.0 Kuandika upya na kupima

Ufuatao ni mfano wa kubuni, ulioundwa kwa misemo iliyochambuliwa hapo juu: "Jipatie mkopo rahisi wa papo hapo hadi shilingi 50,000! Ada nafuu kuanzia asilimia 8. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Kampuni ileile, yenye masharti yaleyale, ingeweza kuandika hivi: "Ukikopa shilingi 1,000 leo, utatulipa shilingi 1,080 kabla ya siku 30 kwisha. Ukichelewa, tutaongeza shilingi 80, na baada ya siku 90 tutapeleka jina lako CRB. Wateja wapya huanza na mkopo usiozidi shilingi 2,000." Nakala ya pili ni ndefu zaidi. Wauza bidhaa huamini kwamba urefu hufukuza wateja, lakini urefu huu umetokana na vitu vilivyokuwa vimeachwa. Kiambishi "tu-" kimemrudisha mdai katika sentensi. Asilimia imegeuzwa kuwa shilingi, kwa kuwa mtu hulipa kwa shilingi. "Hadi" imehamishiwa kwa mteja anayesoma. Neno "ada" limeondoka kabisa, na anayetaka kuiita tofauti ile ya shilingi 80 riba anaweza kufanya hivyo mwenyewe.

Kwa kampuni chipukizi, isiyo na jina la kuaminika wala matawi ya kumwendea mtu mwenye malalamiko, nakala ya pili ina faida ya kibiashara pia. Mteja aliyejua 1,080 tangu mwanzo hana sababu ya kuhisi ametapeliwa siku ya 30.

Inabaki namna ya kupima. Kampuni nyingi hujaribu matangazo kwa kumuuliza mtu kama ameelewa. Katika jamii zinazozungumza Kiswahili, swali hilo lina jibu moja la adabu. Mzee atasema "nimeelewa, mwanangu" ili asimwaibishe kijana aliyemletea karatasi, na kijana atasema hivyo ili asionekane mshamba. Njia bora ni kuichukua karatasi, kumwomba msomaji amsimulie jirani yake yaliyoandikwa, kisha kumuuliza maswali matatu: ukichukua 1,000 utarudisha ngapi, lini, na usiporudisha nini kitatokea? Jirani akiuliza swali la nne ambalo msomaji hana jibu lake, swali hilo liandikwe, na jibu lake liingizwe katika tangazo kabla halijachapishwa.